Sauti ya Nne

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, tena kila mtu alilipenda.

Ijumaa, bendi ilikuwa imeacha mapengo. Ndivyo walivyozoea kurekodi: mwimbaji anapiga ukelele, "Nani yupo?", kisha ngoma zinaendelea peke yake kwa mapigo manne, ili baadaye wote watatu wasimame mbele ya maikrofoni moja na kujaza jibu: "Tupo!" Jibu hilo hulirudia mara kumi, moja juu ya jingine, mpaka watu watatu wanakuwa umati. Lakini siku hiyo umeme ulikatika, wakaenda zao, wakaacha nyimbo kumi na moja zinauliza swali ndani ya chumba kitupu.

Jumatatu asubuhi fundi wa sauti alifungua studio, akawasha mitambo, akaucheza wimbo wa kwanza.

"Nani yupo?"

"Nipo."

Sauti ilikuwa moja, nzito, imeisogelea maikrofoni mno, na ilijibu kwa utaratibu kabisa, kama ya mwanafunzi anayeitwa kwenye daftari la mahudhurio. Fundi alitazama mlango. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mfukoni mwake. Chumba kile cha chini ya ardhi hakikuwa na dirisha, lakini kilinuka mvua iliyoangukia vumbi la moto.

Bendi ilipofika, akawasikilizisha. Mwimbaji alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyeitwa Msasa kwa sababu sauti yake ingeweza kukwangua rangi ya mlango. Mpiga besi alikuwa Mlingoti, ambaye hakuna kitanda kilichowahi kumtosha. Mpiga ngoma alikuwa Karani, na kweli alikuwa karani. Kila siku ya kurekodi aliomba ruhusa kazini kwenda kung'oa jino, na kwa mujibu wa faili lake alikuwa ameshang'olewa meno thelathini na manane.

"Huyo ni Mlingoti," alisema Karani. "Ana mafua."

"Mimi? Tangu nizaliwe sijawahi kuingia kwa wakati. Huyu yuko juu ya pigo kabisa."

Ushahidi huo haukupingwa na mtu.

"Naifuta," alisema fundi.

"Kaka, thubutu!" Msasa alimshika mkono. "Albamu ya kwanza walisema tumepiga kelele kwa bahati mbaya. Hii ya pili wakisema tumerudia bahati mbaya, basi, mimi narudi kuuza viatu. Iache. Inatisha vizuri."

Wakaiacha. Kila asubuhi pengo jingine lilikutwa limejibiwa, na kila asubuhi walicheka kidogo kuliko jana, mpaka siku ya kumi na moja, albamu ilipokamilika, hawakucheka kabisa.

Ilibaki kusajiliwa, na fundi ndiye aliyeipeleka. Afisa wa usajili alikuwa mtu wa zamani, aliyeamini kwamba kazi ya sanaa haisajiliwi bila kusikilizwa. Alifumba macho, akaisikiliza albamu yote ya panki, muziki wa kelele tupu, huku akihesabu kwa vidole, kwa utulivu wa mtu anayepimwa presha.

"Sauti nne," alisema. "Fomu ina majina matatu."

"Ya nne haina mwenyewe, mzee."

"Hakuna sauti isiyo na mwenyewe. Kipengele cha saba."

"Basi tuiache nafasi wazi."

"Nafasi wazi haipigwi muhuri."

Nyuma ya fundi foleni ilianza kuguna. Mtu mmoja akauliza kama amekuja kusajili albamu au ukoo. Fundi akafanya kile ambacho kila mtu hukifanya akisukumwa na foleni: mbele ya "Sauti ya nne, mwenyewe" aliandika jina la mdogo wake, majina yote matatu, kwa herufi kubwa, akatia sahihi kama shahidi. Muhuri uliposhuka, alisikia harufu ya mvua juu ya vumbi.

Kesho yake Msasa aliamka bila sauti.

Haikuwa kukauka koo. Daktari alimulika, akasema koo ni safi, angetamani lake lingekuwa hivyo. Alipokohoa, kifua kilitikisika bila mlio. Alipolia, machozi yalishuka kimya. Alikuja kukaa studio na daftari mapajani, akaandika: *Kaka, nimefanya nini?*

Wakati huohuo mama yao alipiga simu. "Mwambie mdogo wako apunguze makelele bafuni. Amejifungia tangu asubuhi, anaimba mpaka vyombo vinacheza."

"Mama," alisema fundi taratibu, "Msasa yuko hapa na mimi."

Nyuma ya mama, mbali, kama mlango wa bati unaoburutwa juu ya sakafu, sauti ya Msasa ilikuwa inauliza nani yupo, nani yupo.

"Toka humo ndani, mama. Toka sasa hivi!"

Fundi akaicheza albamu, ingawa vidole vilikuwa havitaki, na kila mahali Msasa alipopaswa kuimba palikuwa na ukimya mwembamba wa mtu anayevuta pumzi, ngoma zikapita, besi ikapita, pengo likaja, na ndani ya pengo ile sauti nzito haikuwepo tena bali ilikuwepo sauti ya mdogo wake, yenye mkwaruzo wake wote, inasema "Nipo", na alipochomoa waya ukutani taa za mitambo zikazimika moja baada ya nyingine, lakini nyuma ya kioo, katika chumba cha kurekodia kisichokuwa na mtu, iliendelea kusema hivyo hivyo, kwa furaha, kama mtu anayejaribu nguo mpya mbele ya kioo.

Mganga waliyempata alikuwa mama mmoja mwenye saa za kazi zilizobandikwa mlangoni. Alimshika Msasa shingo, akanusa viganja vya fundi, akatingisha kichwa.

"Jini huyu hajaiba. Amekabidhiwa," alisema kwa sauti ya chini. "Walioingia kwa nguvu nawatoa. Huyu ameingia kwa karatasi. Nani aliandika?"

Fundi hakuweza kumtazama mdogo wake.

"Rudini mlikoandikia. Mwenye jina aikatae hiyo sauti ya nne, mbele ya yule yule aliyepiga muhuri. Haraka, kabla jini hajazoea."

Afisa alilitoa faili bila kushangaa. "Kufuta jina, kipengele cha tisa. Mwenye jina anaitwa mara tatu, anaitika kwa mdomo, anajibu swali. Asipoitika, faili linafungwa."

"Mzee wangu, hawezi kuitika. Sauti ndiyo tuliyokuja kuidai."

"Aliyekosa sauti alete malalamiko kwa maandishi."

"Ameandika! Hili hapa daftari!"

"Kipengele cha tisa ni cha mdomo." Afisa aliinamia faili, kalamu tayari, akaita majina yote matatu.

Msasa alisimama. Alifungua kinywa mpaka mishipa ya shingo ikatuna. Kimya.

Afisa akaita mara ya pili. Msasa alipiga meza kwa ngumi. Afisa akasogeza wino usimwagike. Fundi aliukamata mkono wa mdogo wake, akaomba kimoyomoyo kwamba safari hii kitoke hata kikwaruzo, hata pumzi.

Afisa akaita mara ya tatu.

"Nipo."

Ilitoka nyuma yao, kwenye benchi lisilo na mtu. Ofisi nzima ilinuka mvua.

"Unakubali sauti ya nne ibaki kuwa yako?" aliuliza afisa bila kuinua kichwa.

"Nakubali."

"Mzee, tazama!" alipiga kelele fundi. "Inua kichwa utazame, si yeye!"

"Amefika, amekubali," alinong'ona afisa huku akiandika, akapiga muhuri. "Anayefuata."

Benchi lililia, kama mtu anayeinuka. Kisha kicheko cha Msasa, chenye mkwaruzo wake wote, kilipita mlangoni na kushuka ngazi kuelekea mtaani, na fundi alikisikiliza mpaka kikapotea, mkono wa mdogo wake ukiwa bado ndani ya mkono wake.