Kinoo Chini ya Mnazi

Mkwezi wa minazi ana adabu moja asiyoisahau. Kabla ya kuangusha nazi, hupiga ukelele: "Haya chini!" Walio chini husogea, kisha nazi huja. Rai alikuwa na sauti ya kazi hiyo. Kwa miaka ishirini na mbili, katika mashamba ya minazi nyuma ya Msambweni, watu walimjua kwa ukelele wake kabla ya kumwona sura.

Asubuhi hiyo mkewe, Dama, alikuwa chini kama kawaida, anafua nazi. Kifuo chake, kile chuma chenye ncha, kilikuwa kimechimbiwa ardhini imara. Aliipigiza nazi juu ya ncha, akaipindua, makumbi yakabaki huku na nazi kule. Mikono ilifua, masikio yalimfuata mumewe juu. Alimsikia akikwea. Alimsikia akisimama katikati ya mnazi. Alimsikia akikohoa, kikohozi kile kikavu cha kila siku. Kisha, bila ukelele wowote, puu! Nazi ilitua hatua moja tu kutoka mguuni pake.

Dama alikitazama kishimo kilichochimbika mchangani.

"Baba Mercy! Wataka kuniua?"

Juu kilisikika kikohozi tu. Rai aliposhuka, uso wake ulikuwa umesawajika.

"Nisamehe, mke wangu. Nilitaka kupiga ukelele, pumzi ikakataa."

Akaketi penye shina, akatoa sigara, akawasha. Naam, hapo hapo. Dama alitaka kusema kitu. Angesema lipi ambalo hakuwahi kulisema? Alishamfichia pakiti juu ya paa, katikati ya makuti. Rai akanunua nyingine. Alishamnunia siku tatu. Rai akavuta zaidi. Mwezi uliopita ndipo alipofanya lile kosa kubwa. Alisikia sokoni Ukunda kwamba tumbaku ya kutafuna haina moshi, kwa hiyo haina neno. Akamnunulia, akamfungia kwenye jani la tambuu kwa mikono yake mwenyewe. Rai alitafuna, akakwea, na kizunguzungu kikamshika huko juu. Aliukumbatia mnazi hadi kilipopita. Tangu siku hiyo anavuta na anatafuna.

Jioni, wakiwa wameketi uani, walisikia hodi. Alikuwa Kavenya, jirani yao wa ng'ambo ya barabara. Wazazi wake walitoka Ukambani wakapewa shamba huku, na yeye alizaliwa hapa hapa. Ni mhudumu wa afya wa kijiji. Hutembea na begi lake la kazi, huingia nyumba kwa nyumba, na huuliza maswali mpaka mtu akasahau kwamba anaulizwa.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, Kavenya. Karibu uketi."

"Baba, hicho kikohozi nakisikia mpaka kwangu. Kina muda gani?"

"Ah, cha zamani hiki."

"Kikohozi kikipita wiki mbili lazima kipimwe. Huenda ni kifua kikuu, huenda siyo. Kesho asubuhi uende zahanati wakupime makohozi. Hakuna malipo. Nitakupigia simu kukukumbusha."

Rai aliitikia, akaaga, akatoka kwenda kunywa kahawa na wenzake. Dama akaufungua moyo. Alieleza yote, ya nazi, ya pakiti kwenye makuti, ya tumbaku ya tambuu. Hilo la mwisho alilisema akitazama chini kwa aibu.

Kavenya hakumcheka. "Wengi wanafanya hivyo, mama. Lakini ndani ya tumbaku kuna kitu kinaitwa nikotini. Hicho ndicho kinachomshika mtu. Uivute, uitafune au uinuse, nikotini ni ile ile. Na ya kutafuna huleta saratani ya mdomo. Hukumtoa shimoni, ulimhamisha upande."

"Na pumzi je? Mbona imekwisha namna hii?"

"Moshi unaumiza mapafu. Tena moshi una hewa chafu inayoingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mtu anakwea mnazi, mwili unataka hewa, hewa haitoshi."

"Basi nifanye nini? Nimegomba hadi nimechoka."

"Usigombe. Angalia." Kavenya akasogea karibu. "Wiki hii usimwambie neno la kuacha. Niambie tu, sigara zake anavutia wapi, saa ngapi, na kabla ya hapo alikuwa anafanya nini."

Dama akashangaa. Ameishi na mtu huyu miaka ishirini na tano, na swali hilo hakuwahi kujiuliza. Utotoni alikuwa mtu wa maswali mpaka nyanyake akamwita Mdadisi. Ule udadisi ukaamka.

Wiki nzima alifanya upelelezi. Vichungi vya sigara vilimsaidia, maana Rai alivitupa alipovutia. Nyumbani kulikuwa na kimoja asubuhi mlangoni, na kimoja baada ya chakula cha jioni. Kwenye kahawa, viwili. Vingine vyote vilikuwa shambani, chini ya minazi. Na hapo Dama akaona jambo la ajabu. Kila mnazi una upande wenye kivuli. Rai hakuketi kivulini. Aliketi upande wa jua, pale anapoonekana vizuri kutoka kibanda cha Mangi, msimamizi wa shamba.

Mtu gani huvuta sigara juani, mbele ya macho ya bosi wake, na kivuli kipo?

Siku ya saba alimuuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kwa kweli.

"Baba Mercy, hebu niambie. Hiyo sigara inakufanyia nini?"

Rai alimtazama kama aliyeulizwa jina lake. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo."

"Mimi nauliza. Na kwa nini wavutia juani?"

"Nina miaka arobaini na tisa. Mangi ana vijana wawili wapya. Nikiketi bure tu, hunijia akaniuliza, 'Mzee Rai, umechoka?' Nikiwa na sigara, haulizi. Mtu anayevuta anaachwa amalize."

"Kwa hiyo ukivuta ndiyo unapumzika?"

"Ndiyo mapumziko yangu hayo. Sina mengine."

Dama alimwonea huruma. Kumbe mtu wake alikuwa anaogopa. Anavuta ili asionekane amechoka, na moshi huo huo ndio unaomchosha.

Akawaza kidogo, akauliza tena. "Na ukiketi unanoa panga, Mangi huuliza?"

"Kunoa panga? Hiyo si kazi? Ataniuliza nini?"

Walitazamana. Rai akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena.

Majibu ya zahanati yalikuwa yametoka: hakuna kifua kikuu. Rai na Dama walirudi huko pamoja, Kavenya akiwasindikiza. Muuguzi alizungumza na Rai kwa utulivu. Alimwambia zipo dawa za kupunguza hamu, nyingine za kutafuna, nyingine za kubandika kwenye ngozi. Si kila kituo kinazo, kwa hiyo angeulizia na kumjulisha. Kuna wanaoacha bila dawa, kuna wanaozihitaji, na kuzihitaji si aibu.

Walipokuwa njiani kurudi, Rai alisema, "Kavenya, mimi hamu ikinishika, nazima. Dunia yote inakuwa sigara."

"Najua, baba. Lakini hamu huja na kuondoka. Kwa kawaida haizidi dakika chache. Ukiivusha, imepita. Kunywa maji, vuta pumzi ndefu, ipe mikono kazi."

"Kunoa panga huchukua dakika ngapi?" Dama akauliza.

"Tano hivi," alisema Rai.

"Basi."

Walichagua siku: Jumatatu ya mwanzo wa mwezi. Jumapili iliyotangulia waliondoa kila kitu. Kiberiti kilibaki kimoja, cha jikoni. Pakiti ilitumbukizwa chooni, na tumbaku ya tambuu ikafuata. Rai aliwaambia wenzake wa kahawa wasimpe sigara hata akiomba. Kisha akamgeukia mkewe.

"Nina ombi moja. Usininuse."

"Nikunuse?"

"Nikirudi nyumbani unaninusa shati. Unadhani sijui? Nikivuta nitakwambia mwenyewe. Lakini usininuse."

Dama alicheka mpaka machozi yakamtoka, maana ni kweli. "Haya. Sikunusi."

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Rai alikuwa mkali kwa watu na kwa kuku. Usingizi ulimruka. Chumvi ilizidi, chumvi ilipungua, hakuna chakula kilichomfaa. Kikohozi kilizidi kidogo, na Kavenya alieleza kwamba kwa wengine huwa hivyo mapafu yanapojisafisha. Dama alitamani kumjibu ukali kwa ukali. Badala yake aliuliza, "Sasa hivi wahitaji nini? Maji, maneno, au nikuache?" Mara nyingi jibu lilikuwa "niache," naye akamwacha. Shambani alimwekea kinoo kando ya kifuo chake, na chupa ya maji. Rai alishuka, akaketi kivulini sasa, akanoa. Kwaruu, kwaruu. Panga lilikuwa kali kiasi cha kutisha.

Wiki ya tatu palitokea msiba kwa jamaa zao. Rai alirudi, akasimama mlangoni.

"Nimevuta mbili. Matangani, nilipewa nikapokea."

Hasira ilimpanda Dama kichwani kama maziwa yanayochemka. Jitihada yote ile! Kisha akalikumbuka lile ombi la Rai. Mtu alikuwa amesema mwenyewe, bila kunuswa. Hilo lilikuwa jipya.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Ilikuwaje?"

"Sikuwa na kitu mkononi," alijibu Rai polepole. "Wote wameketi, mikono mitupu, huzuni imejaa. Sina panga la kunoa msibani."

Kesho yake Kavenya alipopita na kuelezwa, alisema, "Mbili si pakiti. Sasa tumejua mlango mwingine ambao sigara hupitia. Msibani uombe kazi: kupasua kuni, kupanga viti, kuchota maji. Na leo unaendelea ulipoishia, huanzi upya."

Rai aliendelea. Muuguzi alipopata dawa ya kutafuna, Rai aliitumia kama alivyoelekezwa, kisha akaipunguza kidogo kidogo hadi akaiacha.

Miezi minne ilipita. Asubuhi moja Rai alikuwa ameketi kivulini. Kinoo kilikuwa mapajani lakini hakukigusa. Alikuwa amekaa tu, anatazama minazi. Dama alimwona Mangi akitoka kibandani na kuja. Mikono ya Dama ikasimama juu ya kifuo.

"Mzee Rai," alisema Mangi, "umechoka?"

"Nimechoka, bwana Mangi," alisema Rai. "Nimekwea kumi na miwili. Napumzika. Nikimaliza nitaendelea."

Mangi aliyatazama mafungu ya nazi chini ya minazi, moja moja. Akakuna kidevu.

"Wale vijana wangu wamekwea saba. Pumzika, mzee." Akarudi kibandani.

Ilikuwa hivyo tu! Miaka yote ile ya kujificha nyuma ya moshi, na jibu lilikuwa maneno mawili matatu. Dama alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Rai alimkonyeza, akanyanyuka, akafunga kamba yake ya miguuni, akauendea mnazi mrefu kuliko yote, ule wa pembeni.

Dama alisikiliza. Alimsikia akikwea. Alingoja asikie anasimama katikati, hakusimama. Alingoja kikohozi, hakikuja. Majani ya juu yakachakacha. Ng'ambo ya barabara Kavenya alikuwa anapalilia mihogo yake, na hata yeye aliinua kichwa sauti ilipotoka.

"Hayaaa chini!"

Dama alikuwa mbali na mnazi ule, nazi isingemfikia. Alisogea hata hivyo.