Usikaze Mpaka Matone Yakauke

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe 6 Novemba 1961. Asubuhi ile Régine, binti yangu, alinipa bukari ya jana, yaani ugali, na chai.

"Baba, kwa bomba mayi inatoka kidogo tu," alisema.

"Nyasi zimeziba pampu. Leo tunazikata."

Kazi yangu ilikuwa mashua ya kukata nyasi bwawani. Bwawa lile ndilo lililotupa maji mtaani kwetu Kampemba. Mashua ikisimama, nyasi zinaziba pampu. Pampu ikiziba, watu wanarudi kwenye visima vilivyo karibu na vyoo. Ndivyo ilivyokuwa Septemba, wakati wa vita. Wakubwa wa bwawa walikimbilia Sakania, mpakani, mashua ikalala kwa kukosa fundi. Mke wangu Hortense alikunywa maji ya kisima. Tumbo likamshika. Tukamzika.

Nikaapa: mashua hii hailali tena.

Sasa sikiliza. Kuna chuma kirefu kinachotoka kwenye mashine. Kinapita sehemu ya nyuma ya mashua na kuzungusha mapanga yanayoisukuma ndani ya maji. Pale kinapopita pana kikombe cha chuma. Ndani ya kikombe kuna kamba yenye mafuta, inayozuia maji yasiingie kwa wingi. Kikombe chetu kilikuwa kinadondosha matone.

Mjini kwetu watu wa usafi walitugombeza kwa kila bomba linalovuja. Eti mbu watazaa. Bwana mpya wa bwawa, mmoja wa wale waliorudi kutoka Sakania, naye alikuwa hivyo hivyo.

"Sitaki mayi ndani ya mashua. Kaza!"

Nikakaza nati za kikombe kwa nguvu zote. Matone yakakauka. Bwana akacheka kwa furaha.

Kabla ya saa sita moshi ukatoka kwenye kikombe. Mashine ikaguna, ikasimama.

"Muiache," bwana alisema. "Tutangojea fundi wa Ulaya."

"Mpaka lini, bwana?"

Akapanda motokaa yake, akaenda.

Jioni nilimkuta Mama Mutale, jirani yetu, akikaanga samaki mlangoni. Alinusa, akashika pua.

"Eh, Baba Régine! Unanuka kamba ya kuungua. Ulikaza kikombe cha mashua?"

"Weye unajua namna gani?"

"Baba yangu alikuwa na mashua ya samaki kule Kasenga. Naye alikaza siku moja. Mama alimucheka mwaka muzima!" Kisha akaacha kucheka. "Ile matone iko na kazi yake. Ndiyo inapoza chuma. Weye ukibeba muzigo bila kutoka jasho, utafika?"

"Bwana alisema tukaze."

"Bwana aliisha kugusa ile chuma na mukono?"

Nilisema tu, "Kesho tunaitengeneza. Mi singojei Ulaya."

Kesho yake mimi, Mama Mutale na wenzangu wa kazi tulivuta mashua mpaka nyuma yake ikawa juu ya maji. Nilifungua nati. Kwa waya uliopindwa nilitoa kamba yote ya zamani. Ilikuwa nyeusi kama makaa. Nikasugua chuma kwa msasa laini mpaka kidole kikateleza.

Mama Mutale alikuwa amesuka kamba ya pamba na kuichovya katika mafuta ya ng'ombe.

"Usizungushe kamba moja ndefu," alisema. "Kata vipande. Kila kipande kizunguke chuma mara moja. Kata mushazari. Na pale kinapoungana, kisikutane na maungio ya kingine. Mayi iko mwizi: inatafuta mulango."

Nikapanga vipande. Nikarudisha nati, nikachukua spana.

"Weka chini! Kwanza vidole. Huku kidogo, huku kidogo, sawasawa."

Tulirudisha mashua majini, tukawasha mashine. Tone likadondoka. Baadaye lingine. Nikagusa kikombe. Kilikuwa vuguvugu tu.

"Kila asubuhi gusa hapa," alisema. "Kikiwa moto, legeza. Mayi ikikimbia, kaza kidogo. Na ile inayoingia, uichote."

Tulikata nyasi mpaka pampu ikapumua. Jioni Régine alirudi na ndoo imejaa mpaka inamwagika. Alichemsha maji kwanza, ndipo tukanywa.

Bwana alipokuja aliona matone, akakunja uso. Nikashika mkono wake, nikauweka juu ya kikombe.

"Bwana, hii chuma inataka matone. Wakubwa walioleta mashua walijua. Septemba mulipopanda gari kwenda Sakania, nani kati yenu alipewa kazi ya kutufundisha kuitunza?"

Alitazama viatu vyake. Mashua inakata nyasi mpaka leo, nami bado nauliza: nani?