Pigo la Alhamisi

Kila Alhamisi Rhonda Tackett alitoka kiwandani anakokata kuku, akampitia binti yake Laurel shuleni, wakala mikate ya soseji garini, kisha wakaenda kwenye ukumbi wa mazoezi ya ushangiliaji, mchezo wa kushindana kwa dansi na sarakasi, nje kidogo ya mji wa Owensboro. Wazazi hawakuruhusiwa kukanyaga mkeka. Walikaa nyuma ya kioo kikubwa, na hapo vituko havikuisha. Kina mama walipunga mikono, walikunja nyuso, walinyoosha shingo kama bata, ili watoto waone wanachotakiwa kufanya. Rhonda alikuwa na ishara moja tu. Aligusa pembe za mdomo wake kwa vidole viwili. Maana yake: tabasamu, majaji hawapendi uso ulioumia.

Laurel alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyerushwa juu na kudakwa na wenzake wanne. Alhamisi moja, siku mbili kabla ya mashindano ya Louisville, walimdaka vibaya. Kisogo chake kiligonga goti la Josie Embry kwa kishindo kilichosikika hata nyuma ya kioo.

Kocha Dwight alipiga magoti. "Umegonga kichwa? Sema kweli. Unajua sheria yangu, aliyegongwa kichwa harushwi mpaka daktari aseme."

Laurel alitazama kioo. Rhonda akagusa pembe za mdomo wake.

"Bega tu, Kocha," Laurel alisema, akatabasamu.

Garini alitapika. "Ni hizo soseji," Rhonda alisema akimpa taulo, ingawa yeye alikula soseji hizo hizo na tumbo lake lilikuwa shwari. Alijua, tena alijua vizuri. Lakini alikuwa ameingoja Jumamosi hiyo miaka mitano.

Jumamosi huko Louisville, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Laurel alifunika macho. "Mama, hizi taa zinaniumiza."

"Dakika mbili na nusu tu, mwanangu. Ukimaliza utalala mpaka kesho."

Josie alisogea taratibu. "Mama Laurel, yuko sawa kweli? Ameniita jina la dada yangu."

"Wewe mdake tu," Rhonda alimjibu, akaendelea kumpaka mtoto rangi ya kumetameta.

Muziki ulianza. Laurel alirushwa mara ya kwanza, ukumbi mzima ukapiga kelele. Mara ya pili alilegea hewani kama nguo iliyoanguka kambani. Kisigino chake kilimpiga Josie mdomoni, meno mawili yakaruka. Laurel akaangukia ubavu, na mkono wake ukavunjika kwa mlio mkavu. Damu ilitapakaa kwenye mkeka wa buluu.

Trina, mama yake Josie, alikuwa amesimama bega kwa bega na Rhonda kwenye uzio wa watazamaji. Alimgeukia. "Josie aliniambia mtoto wako aligongwa kichwa. Nikamwambia haiwezekani, Rhonda hawezi kuficha. Ulijua?"

"Wako ndiye hajui kudaka!"

Ngumi ya Trina ilimpata puani. Rhonda alimshika nywele, akambamiza kwenye uzio wa chuma mara mbili, na Trina akamng'ata kiganja mpaka damu. Walianguka kati ya viti, wakipigana mateke, huku watoto wa vikosi vingine wakilia. Walinzi wawili walishindwa kuwatenganisha.

Rhonda aliinua ngumi tena, na hapo akamwona Laurel. Alikuwa amelala mkekani, mkono umepinda, na alikuwa akimtazama mama yake huku akitabasamu. Hakuacha kutabasamu hata alipotapika.

Ngumi ilifunguka yenyewe. Rhonda aliruka uzio, akamshika mkono mhudumu wa gari la wagonjwa aliyekuwa amefika. "Si leo tu. Aligongwa kichwa Alhamisi. Nilijua, nikaficha."

Hospitalini daktari hakumbembeleza. "Ubongo ulitikiswa, na leo umetikiswa tena kabla haujapona. Pigo la pili huua watoto. Umesema kabla hatujachelewa, ndiyo maana tumemwahi."

Laurel alilazwa siku tisa. Siku ya tatu alimwambia mama yake, "Kocha aliniuliza mimi, na mimi ndiye niliyemdanganya."

"Ulidanganya kwa sababu nilikuomba," Rhonda alisema. Alilia, na hakuona haya kulia mbele ya mtoto.

Kisha alikwenda kwa Trina, pua yake bado imevimba, akamwomba radhi. Trina alimwacha amesimama mlangoni, akasema, "Usiniombe mimi. Kawaambie watoto."

Alhamisi iliyofuata Rhonda alikanyaga mkeka kwa mara ya kwanza. Wasichana waliketi mbele yake. "Nilitaka ushindi kuliko nilivyojali kichwa cha mwanangu," aliwaambia. "Josie amepoteza meno kwa sababu yangu. Maumivu yakifichwa huwa yanamwangukia na mwingine. Ukiumia, sema siku hiyo hiyo."

Josie aliinua mkono. Alizungumza kwa shida, pengo likipitisha upepo. "Na kama mama yako anakukataza?"



"Basi piga kelele," Rhonda alisema, "mpaka wasikie wote, hata kama yeye hataki kusikia."