Isale Mkononi mwa Marehemu

Maiti ilikuwa imelala chali chini ya ngazi za mnara wa kengele, kisogo kwenye kidato cha mwisho cha jiwe, miguu ikielekea mlango wa kanisa. Marehemu alivaa suti ya kijivu na kola nyeupe ya kichungaji. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya kifua. Ndani ya vidole vilivyokunjwa kulikuwa na jani la isale, bichi, lililofungwa fundo.

Inspekta Raya Ally alisimama akamtazama. Alisubiri kifua kimbane, kama kilivyombana kila mara mbele ya maiti. Hakikumbana. Tangu mdogo wake Hussein agongwe na lori, hakuna kitu kilichombana. Hakulia msibani, hakulia makaburini. Mashangazi zake wa mtaa wa Majengo walinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Yeye mwenyewe aliona hana moyo wa aina yoyote.

"Jina?"

"Mchungaji Eliufoo, afande," alijibu Sajenti Sirili. "Anafundisha wanafunzi namna ya kuhubiri. Alikuwa anafundisha."

"Nani alimwona kwanza?"

"Mwanafunzi, Godbless. Leo ilikuwa zamu yake kupiga kengele."

Chuo hicho cha theolojia kilikaa juu ya mji wa Moshi, katikati ya migomba na mibuni, na juma lake lote lilikwenda kwa kengele. Jumatatu ibada na kahawa. Jumatano mahubiri ya mazoezi, ambapo mwanafunzi hupanda mimbarani, kisha mwalimu na wenzake wakamchambua mpaka ajute kuzaliwa. Alhamisi jioni mpira, chuo kizima uwanjani. Ijumaa asubuhi Chakula cha Bwana, na kabla yake watu wote hupeana mkono wa amani. Ijumaa hii kengele haikulia, na wanafunzi walisimama nje vikundi vikundi, Biblia kwapani, wasijue pa kwenda.

Daktari wa polisi alivua glavu.

"Amekufa jana jioni. Kuna michubuko mabegani, amesukumwa kwa mikono miwili. Kisogo kimepasuka kwenye jiwe. Lakini hakufa papo hapo."

"Alikaa muda gani?"

"Wa kutosha kufikishwa hospitali. Angepata mtu wa kumpeleka, nadhani tungekuwa tunaongea naye."

Raya alichuchumaa. Kwa kibano alifungua vidole kimoja kimoja. Kiganja kilikuwa na damu iliyokauka. Mtu huyo alishika kisogo chake kabla ya kufa. Jani lilikuwa safi. Halikuwa na hata doa.

"Sirili, njoo uone. Damu ilishakauka ndipo jani likawekwa. Hakulishika mwenyewe. Alishikishwa." Alilitia kwenye mfuko wa vielelezo. "Sisi watu wa mjini tunaliona tu kwenye mipaka ya mashamba. Kwenu ni nini?"

Sirili, mzaliwa wa Marangu, alivua kofia kabla ya kujibu.

"Ukimkosea mtu, unampelekea isale, afande. Ukishaletewa, umesamehe. Hata kama kakuulia ndugu yako. Halikataliwi."

"Na mtu akilikataa?"

"Sijawahi kumsikia mtu huyo."

 Nyumbani kwao Raya walishakuja wazee wa ukoo wa yule dereva wa lori kuomba msamaha, kwa adabu zote, kanzu zimepigwa pasi. Yeye alitoka kwa mlango wa jikoni akaenda kazini.

Godbless walimhoji maktaba. Alikuwa kijana mrefu wa Tarakea, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Jumapili hii alikuwa awekewe mikono awe mchungaji, na mama yake alishaalika ukoo mzima. Lakini chuo kizima kilikuwa na habari moja ya kumpa polisi, na kilikuwa kimeshaitoa kwa mikono miwili: Jumatano, katikati ya mahubiri ya mazoezi, Eliufoo alimsimamisha Godbless na kumwambia, "Shuka. Wewe hukuitwa, umejipeleka." Akaapa atazuia asibarikiwe.

"Ulikasirika?" Raya aliuliza.

"Nilikasirika."

"Ulimtishia?"

"Nilimwambia Mungu atatuamua."

"Jana wakati wa mpira ulikuwa wapi?"

"Chumbani. Sikutaka kuonekana na watu."

"Nani anaweza kuthibitisha?"

"Mungu."

"Huyo siwezi kumchukua maelezo."

Kijana hakucheka. Wala Raya hakuwa ametania. Siku hizi maneno yalimtoka tu. Simu yake iliunguruma mfukoni. Alikuwa mkuu wa polisi wa wilaya, na alichotaka ni kifupi: kijana aliyegombana na marehemu, ambaye ndiye huyo huyo "aliyemwona", awekwe mahabusu leo leo. Raya alisema sawa afande, akarudisha simu mfukoni.

"Godbless, ulimpelekea mwalimu wako isale?"

Kwa mara ya kwanza kijana aliinua uso, na macho yalikuwa yamewaka.

"Isale? Mimi? Kwa kosa gani, afande? Yeye ndiye aliyenidhalilisha mbele ya darasa zima. Aliyekosa ndiye anayepeleka isale. Kama ni kuletwa, angeniletea yeye."

Sirili aliacha kuandika. Raya naye alitulia, kalamu hewani. Tangu asubuhi alikuwa akiuliza ni nani aliyemchukia Eliufoo. Swali hilo alilishika kichwa chini, miguu juu.

"Mweke kwenye gari, lakini usimfunge pingu," alimwambia Sirili pale nje. "Tunamtafuta mtu aliyemkosea marehemu. Aliyemkosea hasa."

Nyumba ya Eliufoo ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Wanawake wa kanisa walishajaa uani, wengine wanamenya ndizi, wengine wanaimba kwa sauti ya chini. Mjane, Salvina, alikaa kwenye kigoda kando ya zizi la mbuzi, kanga begani, macho makavu. Raya aliyatambua macho hayo. Aliyaona kila asubuhi kwenye kioo.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nani alimkosea mume wako?"

Salvina hakuuliza maana ya swali. Alimtazama mbuzi.

"Mama, ndani ya gari langu kuna kijana. Jumapili anatakiwa kuwekewa mikono. Ukinyamaza, namlaza mahabusu, na sidhani kama ana hatia."

"Godbless?"

"Godbless."

Mjane alivuta kanga akaikaza.

"Tulikuwa na binti mmoja, Aikande. Alikuwa anaimba kwaya. Walitoka Sanya Juu kwenye semina, mvua inanyesha, gari la chuo likaingia korongoni. Aliyekuwa anaendesha alikuwa amechoka, akasinzia. Yeye alitoka mzima, bila hata mkwaruzo. Mwanangu hakutoka."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mkuu wa chuo. Filemon. Alilia kuliko sisi. Alileta masale mawili. Langu nililipokea. Mume wangu lake alilichukua, akatoka nalo hapa uani, akampa mbuzi."

Sirili aligeuza uso pembeni kana kwamba amesikia tusi.

"Kila mwaka alileta tena," Salvina aliendelea. "Kila mwaka mbuzi alikula. Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Mchungaji, mwalimu wa wachungaji, anakataa isale! Ijumaa ukifika mkono wa amani anatoka kwa mlango wa pembeni, watu wanadhani ni kikohozi."

"Jana alikwenda mnarani kufanya nini?"

"Kila Alhamisi anapanda. Watu wakiwa mpirani hakuna wa kumsemesha, na kule juu kaburi la Aikande linaonekana, pale kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo. Mara nyingine anakesha huko, ndiyo maana usiku sikumtafuta."

"Nani alijua kwamba anapanda?"

"Mimi," alisema Salvina. "Na Filemon. Zamani walikuwa wanapanda wote wawili."

Nyumba ya mkuu wa chuo ilizungushiwa ua wa masale, marefu, yamekatwa vizuri, yanang'aa kwa umande. Raya hakupiga hodi kwanza. Alitembea polepole kando ya ua, Sirili nyuma yake, mpaka karibu na geti. Shina moja lilikuwa limekatwa kwa kisu, mshazari, na kidonda bado kilikuwa kibichi. Alitoa mfuko wa vielelezo, akasogeza kikonyo cha lile jani bila kulitoa ndani. Mshazari uliingia kwenye mshazari.

"Piga picha. Kisha wataalamu waje walikate shina lote."

Mlango ulikuwa wazi. Mchungaji Filemon alikaa sebuleni na kanzu yake ya ibada, tayari kwa Chakula cha Bwana ambacho kila mtu alijua hakitakuwepo. Mzee wa miaka sitini hivi, mpole, mikono magotini.

"Shikamoo Mchungaji."

"Marahaba. Karibuni mkae."

"Jana hukuonekana uwanjani. Mpira wa Alhamisi huanzishi wewe?"

"Ni mimi ninayeanzisha."

"Jana?"

"Jana nilimwomba mwenzangu."

Raya aliweka mfuko mezani. Jani lilikuwa limeanza kulegea. Filemon alilitazama, na mabega yake yakashuka taratibu.

"Kijana yuko wapi?" aliuliza.

"Kwenye gari la polisi."

"Mtoeni. Nimekaa hapa najiambia niende nikamtoe, na miguu haitaki."

Raya alimpa onyo la kisheria neno kwa neno: halazimiki kusema chochote, atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Mzee aliitika kwa kichwa, kama mwanafunzi anayesomewa kanuni za mtihani.

"Ninagawa mkate kila Ijumaa kwa mikono hii," alisema. "Chuo kizima wanapokea, yeye hapokei. Nikipanda mimbarani kuhubiri msamaha, naona kiti chake kitupu. Jana nikasema, leo sitapeleka nyumbani kwa mbuzi. Nitamkuta mnarani, peke yetu, kama zamani. Nilimkuta anashuka. Nikamnyooshea isale."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Filemon, leo mbuzi ameshiba.'"

Sirili aliandika. Kalamu ilisikika kwenye karatasi.

"Nikamsukuma. Sikupanga, lakini sitasema niliteleza. Nilimsukuma kwa nguvu zangu zote."

"Alipoanguka alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Alishika kisogo, akaitazama damu. Nikapiga magoti pale. Gari lilikuwa nje ya kanisa, ufunguo ninao mfukoni. Nikamwambia, Eliufoo, pokea, nikupeleke hospitali. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena. Uwanjani watu wakashangilia goli. Akatikisa kichwa. Nikawa namwomba. Baadaye hakutikisa tena."

"Ungeweza kumpeleka bila yeye kupokea."

"Ningeweza," alisema Filemon. "Lakini nilikuwa karibu sana. Miaka yote ile sikuwahi kufika karibu namna ile. Niliona akipona tu, ataninyima tena."

Akainua uso. Kilichokuwa usoni mwake Raya hakukitegemea. Kilikuwa tumaini.

"Watu walimkuta nalo mkononi, siyo? Wanafunzi waliona?"

"Waliona."

"Basi wanajua alilipokea."

Raya angeweza kunyamaza. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

"Kiganja kilikuwa na damu, Mchungaji. Jani lilikuwa safi. Ulimkunja vidole akiwa amekufa. Hakulipokea."

Mzee aliitazama mikono yake, kwanza juu, kisha viganja.  Sirili alimfunga pingu kwa upole, akisema samahani baba, kwa mazoea tu.

Nje, Godbless alishushwa kwenye gari la kwanza. Alimwona mkuu wake wa chuo ndani ya kanzu nyeupe na pingu, akafumba mdomo aliokuwa ameufungua kushukuru. Jumapili angepiga magoti kule kwao awekewe mikono. Leo alisimama tu pembeni ya njia, hajui aweke wapi mikono yake.

Getini Filemon alisimama.

"Naomba nichume moja," alisema. "La mama Aikande."

Sirili alimtazama inspekta. Raya aliitika kwa kichwa. Mzee alichuma kwa shida, pingu zikigongana, akajaribu kufunga fundo, likamshinda, akalishika vilevile.

Salvina alikuwa ameshatoka hadi njiani. Wanawake nyuma yake waliacha kuimba. Filemon alimnyooshea jani kwa mikono yote miwili, kichwa kimeinama. Mjane alilitazama kwa muda. Mikono yake ilibaki ndani ya kanga.

"Ngoja kwanza nizike," alisema, akarudi uani.

Waliteremka kuelekea mjini, Filemon kiti cha nyuma kati ya askari wawili, jani magotini. Walipofika kwenye lami Raya alitoa simu, akampigia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, wale wazee wa dereva. Waambie waje."



"Umesamehe, mwanangu?"

"Sijui. Sijasema hivyo. Waambie waje nikiwepo, nisitoke kwa mlango wa jikoni."

Mama yake alianza kusema jina la Hussein, akashindwa kulimaliza. Raya alishusha simu mapajani. Kifua kilianza kumbana, kidogo, kisha kwa nguvu, kama mguu unaotoka ganzi, na alipoona hawezi tena kuvuta pumzi alimgusa Sirili begani, akamwomba asimamishe gari kando ya barabara.