Picha Tatu za Shangazi Lorna

Kila asubuhi ya likizo, Linet na nyanya yake Drusilla walishuka shambani kuchuma chai kabla ukungu haujaondoka. Huko kwao, bondeni chini ya soko la Ikonge, ukungu wa mwezi wa Agosti hauna haraka. Hulala juu ya majani ya chai mpaka saa nne, siku nyingine mpaka saa sita, na mtu akiinama mistari miwili mbele yako humwoni tena. Unasikia tu majani yakichumwa, wala hujui mkono huo ni wa nani.

Ndiyo sababu wachumaji wa pale walikuwa na desturi ya kuitana. Kila baada ya muda mfupi Drusilla, aliyewazidi wote umri, aliinua kichwa na kuita jina moja moja.

"Nyangate!"

"Niko!"

"Bathsheba!"

"Niko!"

Sauti zilitoka ndani ya ule weupe, nyingine karibu, nyingine mbali, na usingeweza kusema zimetoka upande gani. Linet alikuwa na miaka kumi na miwili, amezizoea tangu utotoni, lakini bado mwili ulimsisimka kila alipozisikia. Kanuni ilikuwa moja tu: anayeitwa hujibu mwenyewe.

Shangazi Lorna naye alikulia katika kuitana huko. Sasa alikuwa karani katika ofisi ya wakili mjini Kisii, na miguu yake ilikuwa imesahau matope. Hata hivyo, alipopanga safari ya Istanbul pamoja na rafiki zake wawili, Maureen mwenye duka la dawa na Mwalimu Orpah wa Suneka, alikuja kwanza nyumbani kumweleza mama yake.

"Wanawake watatu weusi katika nchi ya watu?" Drusilla aliuliza. "Mkipatwa na jambo, mtamwita nani?"

"Ndiyo maana nimekuja, Mama." Lorna alifungua bahasha, akatoa nakala za pasipoti zao zote tatu, namba za ndege, na jina la hoteli pamoja na simu yake. Akaviweka katika sanduku la bati chini ya kitanda. "Hatutaachana. Hakuna atakayeacha kinywaji chake mezani. Wenzetu waliotangulia wametuambia tutatazamwa sana. Wengine watataka kupiga picha nasi, wengine watatushika nywele bila kuuliza. Tutakataa kwa adabu na kwenda zetu. Na kila jioni saa kumi na moja tutawatumia picha moja, tukiwa sote watatu. Hiyo ndiyo itakuwa 'niko' yetu. Ninyi mtaitazama vizuri, halafu mtatujibu."

Macho ya Drusilla hayakuona tena vitu vidogo, na goti lake halikupatana na mlima. Simu akakabidhiwa Linet. Bondeni mtandao haukushika, ilibidi kupanda mpaka kwenye jiwe kubwa lililokuwa juu ya msitu mdogo wa mikaratusi.

"Nitapanda kila siku, Shangazi," Linet aliahidi, na siku hiyo alisema kweli tupu.

Jumapili jioni alianza safari yake ya kwanza. Ndani ya mikaratusi palikuwa na nyumba ya mzee Ogari, ambayo ilikuwa imehamwa tangu watoto wake walipompeleka Nairobi. Dirisha lake halikuwa na kioo. Ukungu ulikuwa ukirudi, magome ya miti yakisuguana juu kwa mlio wa mlango usiotaka kufunguka. Linet alitupa jicho dirishani. Humo ndani alisimama mtu, mrefu, mabega yameanguka, na juu ya mabega hayo hapakuwa na kichwa.

Aligeuka akakimbia mpaka kwa rafiki yake Joyline, akakaa jikoni kwao mpaka nusu saa ikapita. Aliona haya kusema. Msichana wa darasa la sita, aogope dirisha! Aliporudi nyumbani, nyanya alikuwa akimngoja mlangoni.

"Wako salama, Magokoro," Linet alisema. Ndivyo alivyomwita nyanya yake, kama wajukuu wote wa Kisii. "Wanacheka."

"Mungu ni mwema. Lorna amevaa nini?"

"Gauni la bluu."

Uongo huo ulimtoka mwepesi kiasi cha kumtisha mwenyewe. Jumatatu alikwenda kwa Joyline moja kwa moja, na jioni hiyo Shangazi akavaa suruali nyeupe. Jumanne alivaa kitenge. Drusilla alishukuru kwa kila nguo, akamwombea binti yake kabla ya kula, na Linet akauacha ugali wake sahanini.

Jumatano ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote, haukuondoka hata saa sita ilipopita. Joyline, aliyekuja kuwasaidia, alinong'ona kwamba anatoka kidogo kwenda haja. Mara nyanya akaanza kuita.

"Joyline!"

Linet alibana pua, akaigiza sauti ya mwenzake. "Niko!"

Kisha majani yakachakarika, na Drusilla akatokeza katika ukungu, akasimama mbele yake, kikapu mgongoni, uso umebadilika.

"Nani amejibu?"

"Nilikuwa natania tu, Magokoro."

Drusilla alikivua kikapu, akakiweka chini polepole. "Tulipokuwa wasichana, nilikuwa nikichuma na rafiki yangu Nyanchoka. Siku moja aliitwa, nami nikamjibia kwa kuigiza sauti yake. Nilidhani yuko nyuma yangu tu. Kumbe alikuwa ameanguka mtaroni, mguu umevunjika. Alilala ndani ya maji mpaka saa tisa. Hakuna aliyemtafuta, kwa sababu alikuwa amejibu." "Unajua aliniambia nini tulipompata? Alisema alikusanya nguvu apige kelele, halafu akasikia sauti yake mwenyewe ikisema 'niko', na yeye hakuwa amefungua mdomo. Akafikiri ameshakufa."

Linet akahesabu. Siku tatu! Siku tatu alikuwa amemjibia Shangazi Lorna bila kumwona. Machozi yakamtoka.

"Magokoro, sijapanda jiweni. Hata siku moja. Hata hilo gauni la bluu sikuliona."

Alitarajia kofi. Nyanya hakumgusa, wala hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Chukua simu uende sasa hivi," alisema. "Mimi nitakufuata pole pole."

Linet alipanda mbio. Mikaratusi ilisuguana juu yake, na lile dirisha likamtokea katika ukungu. Mtu asiye na kichwa alikuwa palepale. Safari hii Linet hakuwa na nafasi ya kugeuka. Alipita karibu, akalazimisha macho kutazama. Lilikuwa koti la plastiki la kuchumia chai, limetundikwa kwenye msumari, na vumbi limejaa mabegani. Angeweza kucheka, lakini alilia tu na kuendelea kupanda.

Alipofika kwenye jiwe, simu ilitetemeka mkononi, ikatetemeka tena. Picha tatu zikaingia.

Ya kwanza, wanawake watatu kwenye uwanja wenye njiwa, wametabasamu. Nyuma yao walipita watu wengi. Ya pili, wako sokoni kati ya magunia ya viungo. Ya tatu, wako darajani. Linet alikuwa karibu kushusha pumzi alipokumbuka alivyoambiwa, atazame vizuri. Akaanza upya. Uwanjani, mbali kule nyuma, alisimama mwanamume mwenye shati la kijani na kofia pana ya ukindu. Sokoni, nyuma ya magunia, shati la kijani na kofia ileile. Darajani alikuwa karibu kiasi kwamba kivuli chake kiligusa viatu vya Lorna. Katika picha zote tatu hakuangalia kamera. Alimwangalia Lorna.

Chini ya picha palikuwa na ujumbe. "Mbona mko kimya? Mama hajambo?" Na mwingine wa asubuhi hiyo: "Kifundo cha mguu kimevimba, kwa hiyo nimebaki hotelini. Orpah na Maureen wameenda visiwani, watarudi saa nane. Saa saba nitashuka peke yangu nile hapo nje."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano, na saa za Istanbul ni zetu zilezile. Linet alipiga simu. Iliita, ikaita, ikaita.

"Linet! Hatimaye! Ngoja, ndiyo nafungua mlango nitoke."

"Usitoke, Shangazi! Kuna mtu nyuma yenu. Tazama picha. Shati la kijani."

Lorna alicheka. "Mwanangu, huku kila mtu anatutazama. Tumeshazoea." Halafu akafungua picha. Linet alisikia kidole kikigonga kioo cha simu, picha moja, ya pili, ya tatu. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo. "Uwanjani. Sokoni. Yesu wangu, na darajani."

Zilisikika hatua za kuchechemea, na pazia likivutwa.

"Yuko ng'ambo ya barabara," Lorna alinong'ona. "Amesimama. Anahesabu madirisha."

"Funga mlango, Shangazi! Piga simu mapokezi!"

Linet alisikia ufunguo ukizungushwa, kiti kikiburutwa mpaka mlangoni, kisha simu ya chumbani ikiinuliwa na Lorna akizungumza kwa Kiingereza. Kisha akamweleza Linet kwamba mwanamke wa mapokezi anawaita polisi, na kwamba anapanda yeye mwenyewe kukaa naye.

"Usikate, Linet. Kaa nami mpaka afike."

"Sikati."

Ukungu ulimzunguka mpaka asione vidole vyake. Hodi ilipigwa kule mbali, na Lorna akauliza ni nani, akauliza tena, ndipo akafungua. Linet alisikia sauti ya mwanamke ikimtuliza. Wakati huohuo, kutoka chini ya mikaratusi, ilikuja sauti nyingine, ya kizee, iliyokatika kwa uchovu.

"Linet!"

"Niko, Magokoro!" alijibu kwa nguvu zake zote. "Na Shangazi yuko!"

Wiki iliyofuata Lorna aliketi jikoni kwa mama yake, mguu umefungwa bandeji, uji mkononi. Polisi walikuwa wamemchukua yule mtu kwa mahojiano. Njia aliyotumia kuwapata haikuwa na uchawi wowote, kwa kuwa Maureen alikuwa akiweka picha zao mtandaoni papo hapo, zikiwa na jina la mahali walipo na hata la hoteli.

"Picha za safari zisubiri mpaka uondoke mahali hapo. Hilo tumejifunza," Lorna alisema. "Na mgonjwa haachwi peke yake, hata akisisitiza. Nilisisitiza mimi. Tulitazamwa na watu wengi sana, wengi wao wema, hata tukaacha kuona ni nani anatutazama. Na ninyi mlipokaa kimya, niliwaambia wenzangu kwamba bila shaka mko salama. Nami niliwajibia."

Linet aliinamisha kichwa. "Nilidanganya kwa sababu niliogopa koti, Shangazi."

Drusilla alimvuta mjukuu wake akamkalisha karibu. "Kuogopa si kosa, mwanangu. Ungeniambia unaogopa, ningepanda nawe hata kwa magoti. Kosa ni kusema umeona jambo ambalo hukuliona. Mtu akikutuma umtazamie mpendwa wake, amekupa macho yake. Usimrudishie uongo. Usimjibie mtu ambaye hujamwona."

Asubuhi ya pili walishuka shambani, na ukungu ulikuwa ukiwangoja. Drusilla aliita Nyangate, akaita Bathsheba, wakajibu. Akaita Joyline.

Kimya.

Linet alijua Joyline alikuwa nyuma yake dakika moja tu iliyopita. Alikuwa karibu kabisa na hakika. Alifunga mdomo, akaweka kikapu chini, akaingia ndani ya ukungu kumtafuta.