Madaha Azuia Maziwa

Kila asubuhi Mama Pacha alianzia bandani. Alifagia, akaosha ndoo, akamwekea ng'ombe wake majani na maji. Ng'ombe huyo aliitwa Madaha, kwa sababu alitembea kama bibi harusi. Ukutani ilining'inia redio ya mumewe.

Redio hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Saa ya kukamua asubuhi kulikuwa na kipindi cha wafugaji, na mtaalamu wake alikuwa mdogo wake Mama Pacha. Nyumbani walimwita Kitinda, maana ndiye aliyezaliwa wa mwisho. Kitinda alikuwa mtafiti. Alianza kwa kuosha vizimba vya panya wa maabara, akaja kwenye mbuzi, kisha ng'ombe. Miaka mingi alichunguza jinsi chakula na homoni vinavyofanya kazi mwilini mwa wanyama.

Wafugaji walimsikiliza kwa makini. Mama Pacha alimsikiliza kwa hasira. Zamani, pesa ya baba yao ilitosha karo ya mtoto mmoja tu. Mkubwa akaachishwa shule ili achunge ng'ombe. Mdogo akasoma.

"Mimi nikabaki na mavi ya ng'ombe," aliiambia redio, "yeye akapata cheo kwa ng'ombe haohao!"

Angeweza kuizima. Lakini mwenye kijicho hataki kupitwa. Alisikiliza kila neno, akalijibu kwa kufoka na kugonga ndoo. Mara nyingine alimzaba Madaha kofi la mgongo, kana kwamba ndiye aliyesema.

Maziwa yakapungua. Wateja walirudi na vyombo vitupu. Hata watoto wake pacha walikunywa chai bila maziwa.

"Nimemwita mchinjaji aje kesho," Mama Pacha alisema, machozi yakimlengalenga. Alikuwa amemlea Madaha tangu akiwa ndama.

"Tumwite mdogo wako kwanza," mumewe alisema.

"Aje anicheke? Afadhali mchinjaji!"

"Mficha uchi hazai, mke wangu." Akapiga simu bila kungoja ruhusa.

Asubuhi hiyo hapakuwa na kipindi; Kitinda alifika kabla ya mchinjaji.

"Hodi hapa!"

Madaha akashtuka, akarusha teke. Ndoo ikabiringika.

"Karibu," alijibu Mama Pacha, uso ameukunja. Aliviona viatu vya mdogo wake kabla ya uso wake. Vilikuwa vipya, na roho ikamuuma.

Kitinda alipapasa kiwele. Hakikuwa na uvimbe wala joto. Majani yalikuwa mazuri, maji safi.

"Jioni anatoa maziwa?"

"Jioni afadhali. Asubuhi ndipo ananinyima."

"Basi ngoja atulie, halafu ukamue, dada. Mimi nitanyamaza."

Baadaye Mama Pacha aliosha chuchu kwa maji ya vuguvugu, akakamua. Maziwa yakaja vizuri. Kisha Kitinda akasema, "Hapo sawa." Palepale Madaha akakaza mwili. Maziwa yakakatika.

Kitinda akarudi nyuma, akanong'ona. "Dada, huyu anaiogopa sauti yangu. Na hajawahi kuniona. Ameijulia wapi?"

Baba Pacha aliitazama redio, kisha akaangalia pembeni. Alimjua mkewe.

Mama Pacha aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. "Redioni," alisema. "Wewe ukiongea, mimi nafoka. Nampiga. Nakuonea wivu, Kitinda. Shule ile ilikuwa yangu pia."

Kitinda hakucheka. "Ilikuwa yako," alisema. "Nami siwezi kukurudishia."

Mama Pacha alimpapasa Madaha mgongoni. Kisha akauliza, "Na Madaha je? Anaumwa?"

"Haumwi. Ng'ombe akitulia na kuoshwa kiwele, mwili wake unatoa homoni. Homoni ni tarishi. Inapita kwenye damu, inakiambia kiwele, 'Shusha maziwa.' Akiogopa, inatoka homoni nyingine, ya woga. Hiyo inamzuia tarishi wa kwanza. Maziwa yamo, lakini hayashuki. Yakibaki kila siku, mwili utapunguza kuyatengeneza, na kiwele kinaweza kuugua."

"Sasa nimchome sindano gani?"

"Hakuna sindano, dada. Mkamue mahali tulivu, saa ileile kila siku. Usimpige, usifoke. Ukishamwosha, kamua papo hapo mpaka maziwa yaishe. Woga utamtoka polepole."

Mchinjaji alipobisha hodi, Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyemrudisha. Redio ikahamia sebuleni.

Siku za kwanza Madaha alisitasita. Baadaye akatulia, na maziwa yakaongezeka asubuhi hata asubuhi. Wateja wakarudi. Pacha wakaanza kugombania vikombe.

Siku moja Kitinda alipiga simu. "Madaha anaendeleaje?"

"Anajaza ndoo."

"Na wewe, dada? Wivu umeisha?"

Mama Pacha alifikiri kidogo.

"Haujaisha," alisema. "Lakini bandani hauingii tena."