Tairi la Akiba Nyuma ya Kiti

Soko la Uvira lilikuwa limefurika siku ile tairi la akiba lilipochomoka nyuma ya jipu, likabingirika katikati ya watu na kumwaga beseni zima la mchele aliokuwa akiuza Georgette. Kijana mrefu wa kaptura ya kaki akalifuata mbio, mikono imejaa girisi.

"Weye, iko na akili kweli?" Georgette alifoka.

"Niko nayo, sheri wangu. Ni bolti ndiyo ilikosa."

Georgette akacheka bila kutaka. Kijana mwenyewe, Libérat, alikuwa na ulimi mtamu, acha tu! Kabla ya mavuno mengine, wazee wa Kiringye, kijijini kwa kina Georgette, walikuwa wameshapokea pombe ya posa. Tangu hapo, kwa mila ya kwao, Libérat hakuruhusiwa kuonana uso kwa uso na mama mkwe mpaka harusi.

Ndipo mama yake Georgette akaugua tumbo, ugonjwa wa kumtia mtu kiwewe. Libérat akalikata jipu lake kuukuu kwa mkono wake mwenyewe. Aling'oa viti vya nyuma, akarefusha bodi kwa bati la pipa ili godoro lienee, na kati ya dereva na mgonjwa akasimamisha ukuta wa bati kwa ajili ya heshima. Tairi la akiba hakuthubutu kulining'iniza nje tena. Alilifunga kwenye ukuta huo, nyuma ya kiti chake, kwa bolti zilezile zilizoshika bati.

Wakaondoka asubuhi kwenda hospitali ya Uvira, Georgette akikaa mbele. Kila mara aligonga bati, na mama akagonga kumjibu. Walipopita Luberizi, mama hakujibu. Georgette akagonga tena kwa nguvu. Mara tairi la nyuma likapasuka, jipu likayumba hadi ukingoni mwa shamba la mpunga.

Libérat alishuka na spana kufungua tairi la akiba, kisha akaganda.

"Nikifungua hizi bolti, bati inaanguka. Nitamuona mama."

"Fungua!"

"Wazee watavunja ndoa yetu, Georgette. Acha nitafute mutu mungine azifungue."

Akakimbia. Georgette akabaki peke yake barabarani. Kumbe mwoga! Kumbe mapenzi yake yalikuwa ya sokoni tu! Alizunguka nyuma akafungua mlango. Mama alikuwa hai, jasho linamtiririka, midomo imekauka.

"Libérat iko wapi?"

"Ametukimbia, mama. Iko anaogopa kukuona."

"Mwite. Ile heshima atanipatia nikiwa muzima."

Georgette aliita mpaka sauti ikamkauka. Hatimaye Libérat akatokea, yuko peke yake, machozi yanamlengalenga. Hakupata mtu.

"Nilizani umeniacha," Georgette alisema.

"Nikuache weye? Miye?"

Georgette akampa neno la mama; Libérat akapiga magoti, akafungua bolti. Bati likaanguka kwa kishindo, mama na mkwe wakatazamana.

"Kumbe iko na sura muzuri," mama alinong'ona. "Funga mupira, mwanangu."

Libérat akafunga tairi, wakaendelea. Sasa pumzi za mama zilisikika wazi, fupifupi, na kila shimo lilimtoa ukelele. Georgette alimwomba Bikira Maria kimoyomoyo. Libérat, macho barabarani, akasema haraka:

"Georgette, wazee wakikataa, utanikubali vile vile?"

Kabla Georgette hajajibu, mkono wenye homa ulitua begani kwa Libérat.

"Fika kwanza," mama alisema.

Libérat akakanyaga mafuta.